Nipe Mji: Kitendawili, Simu na Mitaa ya Pembeni ya Dar es Salaam

Katika ada ya vitendawili vya Waswahili, anayeshindwa kufumbua hutozwa mji. Mtegaji husema "Nipe mji", naye aliyeshindwa humtajia mmoja: Mombasa, Kilwa, Bagamoyo au Chake Chake. Mtegaji huupokea, husafiri huko kwa maneno, husimulia alivyolakiwa, alivyokula na alivyoshiba, na ndipo hurejea na jawabu. Ada hii imezoeleka kuwa mchezo wa watoto wa jioni, ilhali imebeba fikira nzito. Kwanza, mji hutolewa na asiyejua, si na anayejua. Pili, mji huo husimuliwa kwa watu wake: nani alimpokea mgeni, nani alimuuliza habari za alikotoka. Fumbo na mji, katika jadi hii, ni ndugu wa tumbo moja.

Karne hii imeleta ndugu wa kambo. Ni michezo ya kusaka inayochezwa kwa programu ya simu, ambayo humwezesha mgeni kuuzunguka mji bila ya kiongozi. Simu humpa kidokezo, kidokezo humpeleka penye sanamu au jengo, naye huhesabu ngazi, husoma mwaka uliochongwa juu ya mlango au hupiga picha, kisha huingiza jibu. Likiwa sahihi hupata pointi na kidokezo cha pili. Likiwa si sahihi hubonyeza kitufe cha msaada na kupunguziwa pointi. Mwanzo wa michezo hii unajulikana. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliondoa kasoro iliyokuwa ikiwekwa kusudi katika mawimbi ya setilaiti zake za kuonyesha mahali, na siku iliyofuata mtu mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo msituni akawatangazia wenzake namba za mahali ilipo. Mwaka 2016 mchezo wa Pokémon Go uliwatoa mamilioni ya watu majumbani mwao, kila mmoja akifuata kioo cha simu yake. Leo miji mingi ya watalii ina msako wake.

Malighafi ya mchezo huu ni fumbo na maudhui yake ni mji. Kwa hiyo ni haki kuuhakiki kama unavyohakikiwa utanzu wowote wa fasihi: kwa kuuliza fumbo lake ni la namna gani, na mji unaotokana nalo ni mji gani.

Mji wa ziwani

Michezo hii hunawiri zaidi katika miji midogo ya kando ya maji. Huko vitu vya kusakwa vimekaribiana: gati, kanisa, sanamu, mnara wa saa, na ziwa lenyewe humzuia mgeni asipotee. Kwa upande huu wa dunia, mji unaoelekea kuumbwa kwa mchezo wa aina hiyo ni Ujiji, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Kidokezo chake cha kwanza kingeweza kutungwa na mtu asiyewahi kufika: tafuta mwembe walipokutania Wazungu wawili mwaka 1871. Mgeni angefika penye mnara wa kumbukumbu ya David Livingstone na Henry Morton Stanley, angepiga picha na kupewa pointi zake. Kwamba mwembe wa siku ile haupo tena, na kwamba miembe inayoonyeshwa ni ya kizazi kilichofuata, si jambo linaloweza kuisumbua simu. Simu imeambiwa mwembe, nayo imeona mwembe.

Lakini Ujiji ndiko walikotokea Kaluta Amri Abedi na Saadani Kandoro. Wa kwanza aliandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichochapishwa 1954 pamoja na diwani yake na ambacho kizazi kwa kizazi cha washairi kimekitumia kama mizani. Ndiye pia aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam. Wa pili, mshairi na mwanasiasa, alikuwa mmoja wa watu 17 walioiasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Ujiji wa watu hawa haufikiwi kwa kupiga picha. Hufikiwa kwa kukaa na mtu mwenye beti kifuani, na mtu huyo hana namba za setilaiti.

Washairi hao wawili waliacha nyuma ufuko wa ziwa na majina yao yakajulikana Dar es Salaam. Na Dar es Salaam, khasa mitaa yake iliyo mbali na bandari, Kinondoni na Temeke, ndiko mchezo huu unakopata mtihani wake wa kweli. Ziwa halipo la kumzuia mgeni, sanamu ni chache, na Sensa ya 2022 iliwahesabu katika mkoa huo watu 5,383,728. Mji wa namna hii utategewaje kitendawili?

Majina yanayotaja yasiyoonekana

Jibu ni kwamba umekwisha kutegwa, tena na wenyewe. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Waingereza ilipima viwanja Magomeni na Temeke kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Tandale, Manzese, Keko na Mbagala zikajengwa kwa sehemu kubwa na mikono ya waliozihamia, bila ya kungoja mpimaji. Palipokosa ramani, watu walitunga majina. Magomeni Mapipa. Kinondoni Mkwajuni. Mwembechai. Mbagala Rangi Tatu. Manzese Argentina. Hakuna hata moja kati ya haya lisilostahili kuwa kituo cha shairi. Jina la Rangi Tatu linataja rangi tatu bila kusema ni zipi, na hicho ni kitendawili kamili.

Ajabu zaidi ni yale yanayoitwa Mwisho. Katika Barabara ya Morogoro ipo Kimara Mwisho, na mbele yake ipo Mbezi Mwisho. Upande wa pili wa jiji ipo Temeke Mwisho. Kila mwisho ulikuwa wa kweli siku ulipopewa jina, kwani ndipo gari la abiria lilipogeuzia. Kisha jiji likaupita, likaenda kutafuta mwisho mwingine. Anayeyapanga majina haya kwa mfuatano anasoma tarikhi ya Dar es Salaam ilivyotanuka, iliyoandikwa na makondakta. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, vituo vyao vilirithi majina hayohayo, na leo sauti ya mtambo ndani ya basi hutangaza Usalama, Mapipa na Tip Top kwa heshima ileile ambayo konda aliyatangazia akining'inia mlangoni.

Msomaji wa Unguja hahitaji kuelezwa sana. Anapokwenda Darajani hatafuti daraja, maana hori lililohitaji daraja limekwisha kufukiwa. Kikwajuni haendi kuhesabu mikwaju. Anajua kwamba jina la mtaa ni kumbukumbu wala si picha, na kwamba kumbukumbu hukaa pale kitu kilipoondoka. Hapo ndipo mchezo wa simu unapokwama. Kidokezo chake hudai kionekane: ukiandikiwa Mkwajuni, utaambiwa upige picha ya mkwaju. Mti uwepo au usiwepo, mchezaji ataondoka bila kujua nani alikaa kivulini mwake, biashara gani ilifanyika pale na kwa nini watu walikubaliana kuupa mti cheo cha kuwa anwani yao.

Lipo pia neno moja dogo lenye uzito usiopimika kwa chombo chochote: "kwa". Tandale ina mtaa uitwao Kwa Tumbo. Temeke ina Mtoni kwa Aziz Ali. Unguja ina Kwahani, Kwaalinatu na Kwamtipura. Katika lugha hii mahali huweza kufafanuliwa kwa mtu, na mtu huyo akifa jina lake hubaki likitoa maelekezo. Aziz Ali alikuwa mjenzi mashuhuri wa Dar es Salaam aliyejenga misikiti. Mwanawe Dossa Aziz alikuwa miongoni mwa wale 17 wa mwaka 1954, pamoja na mshairi Kandoro wa Ujiji. Abiria anayemwambia konda "nishushe kwa Aziz Ali" anafanya bila kukusudia jambo ambalo sanamu hufanya kwa gharama kubwa, nalo ni kumtaja marehemu kila siku. Hakuna kidokezo kinachoweza kulitegua neno hili kwa kulitazama. Sharti aulizwe mtu: huyu Aziz Ali alikuwa nani?

Kidokezo na fumbo

Hapa inafaa kupambanua. Kidokezo cha simu kina jawabu moja, aliloliweka mtunzi kabla ya mchezaji kuamka. Kikishafumbuliwa kimekufa, hakuna anayekirudia. Fumbo la kishairi haliko hivyo. Muyaka bin Haji, aliyefariki Mombasa mwaka 1840, alitunga mafumbo yaliyotoka kinywani mwake yakaingia sokoni, na aliyefumbiwa alitakiwa ajibu. Jibu nalo lilizaa fumbo jingine. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kujibizana hata kama mmoja yuko bara na mwingine yuko pwani, kila mmoja akitia jina lake na mji wake chini ya beti. Haji Gora Haji wa Tumbatu alipoipa diwani yake jina la Kimbunga, mwaka 1994, aliitanguliza fumbo linalotaja mji wa Siyu. Lakini hakuna msomaji wa visiwani aliyedhani kwamba dhoruba ile iliishia Siyu. Mji uliotajwa ulikuwa mlango, na kila aliyeingia alikuta mji wake mwenyewe.

Hii ndiyo tofauti ya msingi. Kidokezo humfikisha mtu mahali kikamwacha hapo. Fumbo humfikisha kwa mtu mwingine. La kwanza linahitaji macho na miguu. La pili linahitaji ulimi na adabu. Waliozisifu programu hizi kwa kumfanya mgeni "aujue mji peke yake" wamesifu jambo ambalo katika adabu ya Waswahili ni upungufu. Ajuaye mji peke yake hajaujua, ameupita.

Kusaka na msako

Lugha yenyewe inatoa onyo. Jina linalofaa kwa mchezo huu kwa Kiswahili ni msako, nalo ni jina ambalo katika mitaa ya pembeni lina historia. Mwaka 1983 sheria ya Nguvukazi ilileta misako ya watu walioitwa wasio na kazi, wakakamatwa mitaani Dar es Salaam na kupelekwa mashambani. Mchuuzi asiye na kitambulisho alijua maana ya kusakwa. Baada ya hapo neno halikuondoka: msako wa wachuuzi, msako wa vibanda, msako wa wapika gongo. Tandale na Manzese zimeandikwa magazetini mara nyingi zaidi kwa misako kuliko kwa harusi zake, ingawa harusi ni nyingi zaidi.

Kwa hiyo mgeni anayeingia kichochoro cha Tandale huku simu yake imemuelekeza kwenye mlango wa mtu, akaupiga picha, akatabasamu kwa pointi alizopata na kuondoka bila salamu, amefanya zaidi ya kukosa adabu. Ameirudia ishara ambayo wenyeji wanaijua: mtu asiyejulikana, anatazama, anaandika, haulizi. Mama ntilie aliyegeuka kuwa jibu la swali la saba hakuombwa idhini. Mzee aliyeketi barazani amehesabiwa miongoni mwa vitu. Katika mji wa ziwani wenye sanamu, kosa hili halionekani, kwa sababu sanamu haisalimiwi. Uswahilini hakuna sanamu, kuna watu.

Upo na upande wa pili wa kosa hilo, nao ni kutosakwa kabisa. Vituo vya Pokémon Go vilitokana kwa sehemu kubwa na mahali palipopendekezwa na wachezaji wa mchezo uliotangulia, Ingress. Palipokuwa na wachezaji wengi vituo vilijaa. Pasipokuwa na wachezaji kioo kilibaki kitupu, kana kwamba hapana kitu. Mtaa wa watu maskini ukawa ama kitu cha kutazamwa ama jangwa. Uhakiki wa haki hauna budi kuyakataa yote mawili.

Ramani iliyouliza

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba simu na mtaa haviivi chungu kimoja. Ushahidi wa Dar es Salaam unasema vingine. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale waliizunguka kata hiyo kwa miguu, wakiwa na vifaa vya setilaiti mikononi, wakaandika vichochoro, mifereji, vyoo, misikiti na maduka ambayo ramani za jiji hazikuwa nayo. Mitaa yake ya Kwa Tumbo, Mharitani, Mkunduge, Mtogole, Pakacha na Sokoni ikapata kuonekana duniani ikiwa na majina yake. Desemba ya mwaka huohuo mafuriko makubwa yaliua watu jijini, na ikawa wazi kwamba asiyejua mfereji unapita wapi hajui maji yatapita wapi. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi hiyo katika kata nyingi, wanafunzi na wakazi wakitumia simu na ndege ndogo zisizo na rubani.

Ukitazamwa kwa juu, mwendo wa vijana wale haukuwa tofauti na msako: kioo mkononi, kituo hadi kituo, jibu kuingizwa kwenye mtambo. Ukitazamwa kwa ndani, ulikuwa kinyume chake. Hakukuwa na jawabu lililotangulia kuwekwa. Mfereji huu unaitwaje? Maji yalifika wapi mwaka ule? Mpaka wa shina hili uko penye nyumba ipi? Maswali haya aliyajua mjumbe wa nyumba kumi, fundi baiskeli na bibi muuza maandazi, wala hayakuwa na msaada wa kubonyeza. Aliyeshika chombo ndiye aliyekuwa asiyejua; mwenye mji ndiye aliyeutoa. Hii ni ada ya kitendawili ikitumia setilaiti.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, mfumo wa Anwani za Makazi ulienezwa nchini, ukatia vibao vya majina njiani na namba milangoni, na programu ya NaPA ikawekwa ili mtu aifuate namba hadi nyumbani. Faida yake haina ubishi: mgonjwa anataka gari limfikie, na moto haungoji maelezo. Mshairi hana haki ya kuibeza namba inayookoa roho. Ana haki ya kuuliza tu jina gani limeandikwa kwenye kibao, na nani aliulizwa kabla ya rangi kukauka. Tofauti inaonekana ukiulinganisha mfumo huo na what3words, kampuni ya London iliyoanza 2013 na kuigawa dunia yote katika miraba ya mita 3 kwa 3, kila mraba ukapewa maneno matatu, kwa Kiswahili pia. Maneno hayo huchaguliwa na mtambo bila uhusiano wowote na ardhi. Yanaelekeza bila kukosea hata hatua moja, na hayana maana hata moja. Mkwajuni ni neno moja, linakosea kwa hatua mia mbili, na maana yake haijaisha.

Mizani ya kuupimia mchezo

Mtetezi wa michezo hii atasema, na hatakuwa amekosea, kwamba kuuliza nako kuna gharama. Kiongozi wa watalii hudai malipo. Mwanamke anayetembea peke yake husumbuliwa. Mgeni mwenye haya hushindwa kufungua kinywa. Simu humpa uhuru wa kwenda kwa mwendo wake na kusimama atakapo. Uhuru huo ni kitu cha thamani, na mchezo uliotungwa vizuri unaweza kuulinda bila ya kuwageuza wenyeji kuwa mapambo.

Vijana wa Temeke walikwisha kuonyesha njia bila kujua kwamba wanaionyesha. Juma Nature na wenzake wa Wanaume TMK walilifupisha jina la wilaya yao katika herufi tatu, likaimbwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tandika wala Keko. Baadaye Diamond Platnumz alijitangaza kuwa mtu wa Tandale mbele ya bara zima. Hawakumwonyesha msikilizaji njia ya kufika. Walimpa sababu ya kuuliza. Kazi ya fumbo la mji ndiyo hiyo.

Basi mchezo wa kusaka utakaotungwa kwa ajili ya Magomeni au Mbagala una mizani tatu za kupitia. Kwanza, angalau nusu ya vidokezo vyake viwe havitatuliki kwa macho, bali kwa mtu aliyeulizwa kwa salamu na akakubali kusema. Kule Magomeni, kwa mfano, majengo mapya ya Kota yalizinduliwa Machi 2022 kwa kaya 644. Jicho litahesabu ghorofa, lakini maisha ya kota za zamani zilizovunjwa anayo aliyeishi humo. Pili, swali moja lipokee majibu zaidi ya moja, kwani wazee wawili wa mtaa mmoja hawasimulii jina kwa namna moja, na kuwapatanisha kwa nguvu ni kuua mmoja wao. Tatu, mchezaji naye atozwe. Akishindwa, asibonyeze msaada. Atoe mji wake: ameketi kijiweni Tandika, aulizwe alikotoka, aeleze watu wa huko wanaishije, wanazikana vipi, mvua ikinyesha maji huenda wapi.

Programu yoyote isiyojua kuomba kitu hicho itaendelea kuhesabu ngazi na kupokea picha za miembe isiyo yenyewe. Mitaa ya Kinondoni na Temeke haijakosa vitu vya kusakwa. Imekosa wageni waliofundishwa kushindwa kwa adabu, wakasema hawajui, na wakawa tayari kutoa mji.